Vitabu vya watoto kuhusu India, Pakistan, Bangladesh na jirani zao: tuvichague vipi?

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninasimamia maktaba ya shule ya msingi hapa Dar es Salaam, shule ambayo watoto wenye asili ya Kihindi, wa pwani na wa bara hukaa dawati moja, na kila inapofika zamu ya kuagiza vitabu walimu na wazazi huniuliza swali lile lile: tununue kitabu gani kitakachowaeleza watoto habari za Wahindi? Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini swali lenyewe limekaa upande, na ndilo linalotuletea vitabu dhaifu. Hakuna kitabu cha watoto kinachoweza kueleza habari za watu karibu bilioni 2 wanaoishi India, Pakistan, Bangladesh, Nepal, Sri Lanka, Bhutan na Maldivi, wenye lugha na dini nyingi kiasi hicho. Kitabu kinaweza kumweleza mtoto mmoja, katika mji mmoja, mwenye shida moja inayomnyima usingizi. Naomba tuchague kwa kipimo hicho.

Tazameni vitabu vya aina hii vinavyoletwa kutoka Uingereza na Marekani. Kuna Diwali, kuna Holi, kuna Idi. Kuna bibi anayekaanga kitu jikoni, kuna sari inayotolewa sandukuni, kuna mikono inayopakwa hina, na ukurasa wa mwisho una maelekezo ya kupika sambusa. Siwadharau wanaozipenda sherehe hizo, nami nazipenda. Ninachokipinga ni mtoto wa hadithi kukosa la kufanya. Katika vingi vya vitabu hivi mtoto anatembezwa chumba hadi chumba ili msomaji aone nguo, taa na vyakula, huku mwenyewe hataki kitu, hakosi, hagombani na mtu wala haamui lolote. Msomaji akifunga kitabu anakumbuka rangi tu, na mwenzake wa Kihindi aliyekaa naye dawatini anabaki mgeni vile vile, safari hii akiwa mgeni aliyepambwa.

Linganisheni na Big Red Lollipop, kitabu cha picha cha mwaka 2010 cha Rukhsana Khan, mzaliwa wa Lahore aliyekulia Kanada. Rubina amealikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake wa shule. Mama yake, ambaye watoto wanamwita Ami, haijui desturi hiyo, na anaamuru kwamba mdogo mtu, Sana, aende pia. Rubina anaenda kwa aibu, anarudi na pipi kubwa nyekundu ya kijiti, anaihifadhi aile kesho yake, na kesho yake anakuta Sana ameshaitafuna, imebaki kipande cha pembe tatu. Siku zinapita, Sana naye anaalikwa, na Ami anatoa amri ile ile: aende na Maryam, mdogo wao wa mwisho. Rubina ana kisasi mkononi, na anachofanya ni kumsihi mama amruhusu Sana aende peke yake. Hakuna ukurasa unaoieleza Pakistan. Hata hivyo mtoto anaposoma anaijua nyumba ya wahamiaji jinsi inavyokaa: mama mwenye mamlaka asiyezielewa desturi za ugenini, na binti wa kwanza anayelipa gharama ya kujifunza desturi hizo kabla ya wadogo zake. Nilipowasomea watoto wa darasa la tatu, walibishana mpaka kengele ikalia kuhusu nani ana haki, na waliokuwa wakali zaidi dhidi ya Sana walikuwa mabinti wa kwanza, wa kila kabila na kila dini.

Kipimo changu cha pili ni mahali na hali ya maisha. Neno “India” linaweza kumhusu mtoto wa daktari anayeishi ghorofani Mumbai, na linaweza kumhusu Moyna wa The Why-Why Girl, kitabu cha Mahasweta Devi kilichotolewa na Tulika, wachapishaji wa Chennai ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakitoa vitabu vya watoto kwa Kiingereza na lugha kadhaa za India. Moyna ni wa jamii ya Washabar, mojawapo ya jamii za asili zinazoitwa Waadivasi, na anachunga mbuzi wa tajiri wa kijiji. Anauliza kwa nini achote maji mbali, kwa nini ale mabaki ya tajiri, kwa nini shule ianze saa ambayo yeye yuko malishoni. Mahasweta Devi aliishi na kufanya kazi miongoni mwa jamii hizo kwa miaka mingi, na inaonekana: Moyna haombi huruma ya mtu, anadai majibu. Mtoto wa Kitanzania anayechunga ng'ombe kabla ya kwenda shule hahitaji maelezo ya pembeni ili amwelewe.

Vivyo hivyo Rickshaw Girl cha Mitali Perkins, cha mwaka 2007. Naima ni binti wa Bangladesh mwenye kipaji cha kuchora alpana, yaani nakshi ambazo wanawake wa Kibengali huchora sakafuni na vizingitini siku za sikukuu. Anataka kumsaidia baba yake, anayeendesha riksha ya kukanyaga kwa miguu, anaijaribu riksha hiyo na kuiharibu. Hapo ndipo hadithi inapopata uzito, kwa sababu riksha ile ina deni, na kulitengeneza bati lake kuna gharama ambayo familia haina. Nakshi za sikukuu zimo, tena kwa wingi, lakini zimo kwa kuwa ndizo ujuzi wa Naima na ndizo zitakazomfungulia njia. Huko ndiko kuingiza utamaduni katika hadithi ninakokuheshimu.

Kwa wadogo kabisa, nakitetea kitabu cha Sri Lanka kiitwacho Kuda Hora, alichokiandika na kukichora Sybil Wettasinghe mwaka 1956. Mzee mmoja anatoka kijiji ambacho watu wake hujifunika majani ya mgomba au magunia mvua ikinyesha. Anafika mjini, anaona mwavuli kwa mara ya kwanza, anaununua, na akirudi kijijini anauacha nje ya mgahawa anywe kahawa. Akitoka, mwavuli haupo. Ananunua mwingine, nao unaibwa, na mwingine tena, mpaka siku anapotia vipande vya karatasi ndani ya mwavuli ili vidondoke njiani vimwonyeshe mwizi alikoelekea. Anakuta miavuli yote imetundikwa mtini, na mwizi ni nyani. Wettasinghe alifariki mwaka 2020 akiwa ameandika vitabu zaidi ya 200, na hiki kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Ndani yake kuna kijiji cha Kisinhala kilichochorwa na mtu aliyeishi utoto wake wa mwanzo kijijini, kwa hiyo kila mkao wa mtu na kila paa liko mahali pake.

Sasa niseme neno kuhusu sifa ya zamani. Watu wengi wakisikia vitabu vya watoto kuhusu India wanamtaja Rudyard Kipling na The Jungle Book cha mwaka 1894. Kipling alizaliwa Bombay (Mumbai ya leo) mwaka 1865 na alikuwa fundi wa sentensi, lakini kitabu hicho alikiandika akiwa Vermont, Marekani, na India iliyomo ni msitu wa wanyama wanaosema pamoja na dola inayowatawala watu. Kisomwe kama kitabu cha zama zake. Kisihesabiwe kuwa kimemaliza deni letu kwa watoto wa Kihindi, kwa sababu wakati huo huo Wahindi wenyewe walikuwa wanawaandikia watoto wao kwa nguvu kubwa.

Kalikata (Kolkata), mji wa Wabengali mashariki mwa India, peke yake ingetosha kwa uzi mwingine. Mwaka 1907 Dakshinaranjan Mitra Majumdar alitoa Thakurmar Jhuli, mkusanyo wa ngano alizozisikiliza kwa vikongwe wa vijiji vya Bengali, na Rabindranath Tagore akauandikia utangulizi, katika miaka ambayo watu wa huko walikuwa wakisusia bidhaa za Uingereza. Mwaka 1910 Upendrakishore Ray Chowdhury alitoa Tuntunir Boi, hadithi za ndege mdogo anayewashinda wafalme na paka kwa ujanja. Msomaji wa Kiswahili atamtambua mara moja kuwa ni ndugu wa Sungura wetu. Mwaka 1913 huyo huyo alianzisha jarida la watoto liitwalo Sandesh. Mwanawe, Sukumar Ray, aliyafanya mashairi ya upuuzi mtamu kuwa sanaa kamili katika Abol Tabol, kilichotoka mwaka 1923, mwaka aliofariki akiwa na miaka 35. Mjukuu, Satyajit Ray, ambaye dunia inamjua kwa filamu, alilifufua jarida la babu yake mwaka 1961 na kuliandikia hadithi za upelelezi za Feluda. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja viliona kwamba kumwandikia mtoto ni kazi ya mtu mzima mwenye akili zake zote. Kusini, jarida la Chandamama lilianza Julai 1947, mwezi mmoja kabla ya uhuru, kwa Kitelugu na Kitamil, kisha likaenea katika lugha nyingine nyingi. Pakistan nayo ilikuwa na mashairi ya Tot Batot ya Sufi Tabassum, ambayo watoto wa Kiurdu waliyakariri kizazi hadi kizazi.

Si kila kilichoandikwa na wenyewe kimesalimika, lakini. Mwaka 1967 Anant Pai alianzisha mfululizo wa katuni wa Amar Chitra Katha baada ya kuona kwenye televisheni vijana wa Delhi wakijibu maswali kuhusu miungu ya Kigiriki na kushindwa kumtaja mama yake Rama, shujaa wa utenzi wa Kihindu wa Ramayana. Nia ilikuwa njema na mafanikio yalikuwa makubwa sana. Lakini wasomi wengi wa India wameonyesha jinsi katuni zile za miaka ya mwanzo zilivyowachora mashujaa kwa ngozi nyeupe na majitu mabaya kwa ngozi nyeusi, na jinsi macho ya matabaka ya juu ya Kihindu yalivyosimama mahali pa macho ya wote. Mwalimu anayemwekea mtoto mweusi katuni kama hizo mezani bila kusema kitu amefanya uzembe. Kwa wakubwa kidogo, dawa yake ni Bhimayana cha mwaka 2011, kinachosimulia maisha ya Bhimrao Ambedkar, mtoto wa tabaka lililotengwa ambaye shuleni alikatazwa kugusa maji ya wenzake na baadaye akaongoza uandishi wa katiba ya India. Kimechorwa na Durgabai Vyam na Subhash Vyam, wachoraji wa jamii ya Wagondi wa India ya kati, na ndani yake samaki, tausi na pampu za maji zimechukua nafasi ya visanduku vya kawaida vya katuni.

Na mwisho nililokusudia kulisema tangu mwanzo: sisi wa pwani hatuanzi sifuri. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alichapisha ngano za Kiswahili alizozipata kwa watu wa Unguja, na mojawapo ni Kisa cha Punda wa Dobi. Kima anakaa juu ya mkuyu kando ya bahari na kumtupia papa matunda. Papa anamchukua mgongoni, na katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajiokoa kwa kudai kwamba moyo ameuacha mtini, na akishafika juu anamsimulia papa kisa cha punda aliyekosa moyo na masikio. Kitabu cha nne cha Panchatantra, mkusanyo wa kale wa Kisanskriti, kimejengwa juu ya hadithi hiyo hiyo na kisa cha punda kikiwa ndani yake. Kule papa ni mamba, sungura wa kisa cha punda ni mbweha, na mkuyu ni mzambarau. Panchatantra ilitafsiriwa Uajemi karne ya 6, ikaingia Kiarabu karne ya 8 kwa mkono wa Ibn al-Muqaffa ikiitwa Kalila na Dimna, na majahazi ya msimu yalikuwa yakipita kati ya Gujarati, Arabuni na Unguja karne zote hizo. Ningependa kuona kitabu kimoja cha picha, kwa Kiswahili, kikiziweka hadithi hizi mbili ukurasa kwa ukurasa, mamba huku na papa huku. Mtoto ataona mwenyewe jinsi watu walivyosafiri.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mama wa Kigujarati, mzaliwa wa Mombasa, na watoto wangu wanazungumza Kiswahili kabla ya Kigujarati. Nina hoja moja ya kukupinga kwa heshima. Unazishambulia hadithi za sikukuu kwa sababu umezichoka, lakini mwanangu alikuwa na miaka sita alipoona Diwali ndani ya kitabu cha shule kwa mara ya kwanza, na alikibeba nyumbani siku nzima kuwaonyesha watu. Kwa mtoto ambaye sikukuu yake haikuwahi kutajwa darasani, taa zile si mapambo. Huenda hadithi ilikuwa dhaifu kweli, kama unavyosema, lakini ilikuwa ya kwanza, na cha kwanza kina haki yake.

Ninachokichoka mimi ni kitu kingine, nacho ni hadithi za mateso. Kila msichana wa Kihindi au wa Kipakistani anayeingia kitabuni anaozeshwa, ananyimwa shule au anakimbia risasi. Habari za Malala, msichana wa Pakistan aliyepigwa risasi kwa kutetea elimu ya wasichana, zinastahili kusomwa, naye mwenyewe amewaandikia watoto kitabu kizuri cha picha, Malala's Magic Pencil, mwaka 2017. Lakini wasichana wengi wa Pakistan leo asubuhi wameamka, wamegombana na kaka zao kuhusu bafu, wamekwenda shule. Nani anawaandika hao?

Nikuongezee jina moja la Kigujarati ambalo watu wa hapa hawalijui ingawa lina uhusiano na kwetu: Gijubhai Badheka. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1907 kutafuta maisha, akarudi India akawa wakili, na baadaye akauacha uwakili kwa ajili ya watoto. Mwaka 1920 alifungua Bal Mandir huko Bhavnagar, shule ya wadogo iliyofuata mawazo ya Montessori na iliyokataa kiboko, wakati ambapo mwalimu bila kiboko alihesabiwa kuwa mvivu. Aliandika mamia ya hadithi na nyimbo za watoto kwa Kigujarati, na watu walimpa jina la utani la mama mwenye masharubu. Bibi yangu alitulaza kwa hadithi zake hapa hapa Mombasa. Ninavyojua mimi, mitaani kwetu hazijawahi kusimuliwa kwa Kiswahili nje ya nyumba zetu, na hilo ni kosa letu pia.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, mkoa wa Tabora. Nimesoma yote kwa makini na nina swali la mtu wa shamba. Darasa langu lina watoto wengi kuliko vitabu, na Mhindi wengi wao wamemwona dukani tu, mjini. Hao Rubina na Naima wanauzwa kwa dola. Kwa nini nianze na watoto wa Chennai wakati watoto wa Urambo wenyewe hawamo kitabuni? Siulizi kwa ubishi. Ninauliza kwa sababu kila shilingi ya kitabu kwangu inagombaniwa.

Mleta uzi

Mama wa Mombasa, nimekuelewa, na nakubali kwamba kitabu cha kwanza kina haki yake. Nabaki na msimamo wangu kuhusu cha pili, cha tatu na cha kumi. Kuhusu wasichana wanaogombania bafu, mtafute Hena Khan, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan. Amina's Voice, cha mwaka 2017, kinamhusu msichana wa Milwaukee mwenye sauti nzuri anayeogopa kuimba mbele za watu na anayehofia kumpoteza rafiki yake wa karibu. Msikiti wa mtaa wao unaharibiwa na watu wenye chuki, na jambo hilo halifichwi, lakini halimnyang'anyi Amina hadithi yake. Habari za Gijubhai ni zawadi kwangu. Kama hadithi za bibi bado unazikumbuka, zirekodi ukizisema kwa Kiswahili, kabla ya kumtafuta mchapishaji yeyote.

Mwalimu wa Tabora, swali lako ndilo zito kuliko yote humu, nami sitakujibu kwa kukuambia ununue Big Red Lollipop. Anza na watoto wa Urambo. Wakishapatikana, kuna njia isiyo na bei kubwa ya kuwaletea majirani. Pratham Books, shirika lisilo la faida la Bangalore lililoanzishwa mwaka 2004, lilikabili tatizo kama lako kwa ukubwa wa India: watoto wengi, lugha nyingi, fedha chache. Walianza kwa vitabu vya bei ya chini sana, na mwaka 2015 wakafungua StoryWeaver, maktaba ya mtandaoni ambayo hadithi zake zina leseni huria. Maana yake ni kwamba mwalimu anaruhusiwa kupakua hadithi, kuitafsiri, kuichapa na hata kuiuza, mradi awataje mwandishi, mchoraji na mchapishaji. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake, pamoja na mamia ya nyingine. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, unafanya kazi kwa namna hiyo hiyo, na hadithi zimekuwa zikivuka kutoka huku kwenda kule. Hivyo mtoto wa India anaweza leo kusoma hadithi iliyotungwa na mwalimu wa Kenya, kwa Kihindi, na wako akasoma ya kwake kwa Kiswahili.

Ninachokuomba, ukipakua, soma tafsiri kwa sauti kabla ya kuipeleka darasani. Nyingine zimefanywa na watu wenye moyo mzuri na sikio la haraka, na Kiswahili chake kinakwama mdomoni. Leseni inakuruhusu kuirekebisha. Irekebishe, uirudishe mtandaoni, na mwalimu wa Kigoma ataikuta imenyooka. Room to Read nao, walioanzia Nepal mwaka 2000, wamekuwa wakitoa vitabu vya hadithi vya Kiswahili hapa Tanzania kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Uliza ofisi ya elimu ya wilaya yako kama kuna nakala.

Mchangiaji wa tatu

Salaam kutoka Kampala. Nashangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyeutaja mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa Uganda. Hapa kwetu mtoto anaona majengo yenye majina ya Kihindi yaliyochongwa juu ya milango, na anauliza wenyewe walikwenda wapi. Je, kuna kitabu cha mtoto cha kumjibu, na mtoto wa umri gani? Ninauliza pia kuhusu Mgawanyiko wa India wa mwaka 1947, ilipogawanywa kuwa India na Pakistan, kwa sababu naona ni maswali ya namna moja.

Mleta uzi

Ndugu wa Kampala, viko viwili ninavyovifahamu vizuri, vyote kwa Kiingereza. Child of Dandelions cha Shenaaz Nanji, mwandishi mwenye asili ya Mombasa anayeishi Kanada, kilitoka mwaka 2008 na kinamfuata Sabine, msichana wa miaka 15, katika zile siku 90 ambazo Idi Amin aliwapa Waasia kuondoka. Hicho ni cha sekondari. Orange for the Sunsets cha Tina Athaide, cha mwaka 2019, kinafaa kuanzia darasa la sita, nacho ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinasimuliwa na watoto wawili kwa zamu: Asha, binti wa Kihindi, na Yesofu, mvulana wa Kiafrika ambaye mama yake ni mtumishi nyumbani kwa kina Asha. Yesofu anampenda rafiki yake, na wakati huo huo anaona kwamba amri ya Amin inaweza kuwapa watu wake kile walichonyimwa. Vitabu vingi kuhusu kufukuzwa huko vinamfanya Mwafrika kuwa askari kizuizini au mtumishi mwaminifu. Hapa Mwafrika ana hoja, na Asha analazimika kuisikia. Someni kwa pamoja, watoto wa asili zote mbili wakiwemo, na mwalimu asiharakishe kuwapatanisha.

Kuhusu mwaka 1947, The Night Diary cha Veera Hiranandani, cha mwaka 2018, ndicho nitakachokitaja kwanza. Nisha ana miaka 12 na anaishi Mirpur Khas, mji wa Sindh, ambayo sasa ni Pakistan. Baba yake ni daktari Mhindu. Mama yake alikuwa Mwislamu na alifariki akimzaa yeye na pacha wake, Amil. Mpaka unapochorwa wanalazimika kuondoka kwenda Jodhpur, upande wa India, wakimwacha Kazi, mpishi Mwislamu aliyemfundisha Nisha kupika. Kila usiku anamwandikia mama yake barua katika daftari. Watu zaidi ya milioni 10 walivuka mipaka ile mipya, na mtoto hawezi kubeba hesabu hiyo. Anaweza kubeba kiu ya njiani ambayo nusura imuue Amil, na swali la Nisha kama mtoto wa Mhindu na Mwislamu anatakiwa kusimama upande gani wa mpaka. Mauaji yamo, yameandikwa bila kupakwa sukari na bila kurefushwa. Mimi hukitoa kwa watoto wa darasa la sita na la saba, na hukisoma mwenyewe pamoja nao, kwa sababu kuna kurasa ambazo mtoto asizisome peke yake usiku. Barua za Nisha ni fupi, hivyo kipindi kimoja cha maktaba kinatosha barua mbili au tatu pamoja na maswali yao, na maswali ni mengi: kwa nini jirani amegeuka, nani aliyechora mstari, kwa nini Kazi hakuwafuata.

Kwenye rafu yangu bado kuna pengo ambalo hakuna kitabu kati ya hivi kinachoweza kuliziba. Vitabu hivi karibu vyote vimeandikwa India, Pakistan, Sri Lanka, Kanada au Marekani. Natafuta kitabu cha watoto, kwa Kiswahili, ambacho mtoto wa Kariakoo, wa Nyali au wa Kisumu mwenye asili ya Kihindi ndiye mwenye hadithi, si mwana wa mwenye duka anayepita ukurasa mmoja. Anayekifahamu akitaje hapa pamoja na mchapishaji wake, na aliye na mswada nyumbani aniandikie faraghani. Nipo tayari kuusoma na kuusomesha darasani kabla haujapelekwa kwa mchapishaji.